Kitabu cha Mamba Nilichokipeleka Ilagala

Neema, aliyekalia kiti changu katika chumba cha watoto pale maktaba ya Kigoma, aliniomba nimwachie orodha ya vitabu vya picha vya wanyama vinavyofaa kusomewa watoto wadogo. Alitaka ukurasa mmoja tu aubandike ukutani, ili mzazi akiingia aelekezwe kwa kidole. Nilikaa na kalamu siku tatu. Orodha haikuja, yalikuja haya. Yeye na wenzake wanaoanza kazi wanisamehe. Vitabu vinachakaa na vingine vinaletwa, lakini namna ya kumchagulia mtoto wa watu kitabu haijachakaa bado, na mimi nilichelewa kuijua.

Naitwa Tatu, mzaliwa wa Ujiji, mjukuu wa watu waliokuja na biashara wakasahau kurudi kwao. Nilifanya kazi katika chumba kile zaidi ya miaka thelathini. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mzazi anaingia na mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano, anauliza, "Huyu tumsomee nini?" Nami namjibu.

Siku ya kwanza niliripoti kwa Mzee Bonifasi, mkuu wa maktaba, Muha mrefu mwenye sauti ya chini. Nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino, kwa sababu mama yangu aliamini kuwa ofisi ni kisigino. Mzee Bonifasi alivitazama kidogo.

"Vivue," akasema. "Kazi yako iko chini."

Akanionyesha mkeka. Kisha akaketi yeye mwenyewe, akaikunja ile miguu yake mirefu kama mtoto wa chekechea, akanipa kitabu cha kuku na vifaranga. "Nisomee."

Nilisoma kama nilivyofundishwa shuleni, kwa sauti kubwa, kila nukta mahali pake. Nikamaliza upesi, nikamtazama nikingoja sifa.

"Umesoma vizuri," akasema. "Lakini umesoma peke yako. Mimi uliniacha kule mwanzo, nilikuwa bado nahesabu vifaranga."

Tulirudia kitabu kile asubuhi nzima. Alinifundisha kukishika pembeni, si mbele ya uso, ili mtoto aone picha na aone mdomo wangu pia. Alinifundisha kutouliza maswali ya mtihani. "Usimwambie, 'Hii ni nini?' Anajua ni kuku, na anajua wewe pia unajua. Mwambie, 'Huyu kuku ana haraka.' Atakujibu mwenyewe." Mchana nilipowasomea watoto wa kweli, mmoja alinijibu kuwa kuku hana haraka ila anataka kutaga. Tangu siku hiyo nimeamini kuwa watoto wanasoma picha kuliko sisi.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Mkasi, gundi, msharasi wa fundi viatu, karatasi za nailoni za kujalidi, na uzi wa nyavu tulioununua kwa wavuvi wa Kibirizi. Uzi huo ndio ulioshikilia maktaba. Kitabu kikiachia mgongo, unatoboa matundu matatu kwa msharasi, unapitisha uzi, na fundo unalificha ndani, maana fundo la nje mtoto atalivuta mpaka alimalize. Nailoni ni ya lazima. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu anaanza kusoma kwa meno.

Vitabu vingi wakati ule vililetwa kwa msaada kutoka nchi za mbali, na wanyama wake walikuwa wa huko. Nilipompa mtoto mmoja wa mtaa wa Mwanga kitabu cha dubu kwenye theluji, akaniuliza kwa nini mbwa huyu kanenepa hivi. Nikamweleza dubu, nikamweleza theluji, nikasema ni kama barafu ya kwenye friji, ila iko nje kila mahali. Akasikiliza kwa makini. Kisha akauliza huyo dubu amewekwa kwenye friji kwa kosa gani.

Mzee Bonifasi alicheka mpaka akatoa leso. "Hukukosea kumwonyesha dubu," akaniambia. "Umekosea kuanza naye. Anza na mnyama wa mlangoni. Akishamzoea huyo kitabuni, atamfuata hata dubu."

Nililishika neno hilo kama watu wanavyoshika aya. Mnyama wa mlangoni: kuku, mbuzi, bata, paka, mbwa, ng'ombe kwa wenye ng'ombe. Kwa mtoto wa miaka miwili, mnyama mmoja kila ukurasa na sauti yake. Kwa wa miaka minne, mnyama anayekosea jambo ambalo mtoto mwenyewe asingekosea, ili apate kumcheka. Pawe na sentensi inayorudi kila baada ya kurasa mbili, ili hata asiyejua kusoma aone naye anasoma. Hayo nimeyajaribu kwa watoto wasiohesabika na hayakuniangusha.

Wazazi walikuwa kazi nyingine. Akina baba wengi walitaka simba. Hakuna baba aliyewahi kuniomba kitabu cha bata. Akina mama waliuliza kama kitabu kina fundisho, na nilipowaambia kuwa bata alitafuta mayai yake akayapata, walinitazama kama niliyewapunja. Alikuja mara moja mama mmoja wa asili ya Burundi, wale waliokaa siku nyingi mpaka wakawa wenyeji, akiwa na mtoto mgongoni. Alisimama mlangoni bila kuingia. Aliniambia kwa Kiswahili cha kuokoteza kuwa yeye si msomi, basi kama kuna kitabu kinachojisoma. Nilimpa kitabu cha ng'ombe kisicho na neno hata moja.

"Hiki nakisomaje?" akauliza.

"Kwa lugha ya kwenu. Mtoto hajui kilichoandikwa. Anajua sauti yako."

Akafungua ukurasa wa kwanza, akasema polepole, "Inka," ndiyo ng'ombe kwao. Mtoto akatoa kichwa begani akachungulia. Mama yule alirudi kila wiki mpaka kitabu kikaisha rangi.

Baadaye tulianza kupeleka vitabu vijijini kwa sanduku la bati. Mwamgongo tulikwenda kwa boti, sanduku limefungwa ndani ya turubai kwa sababu ziwa halina heshima na karatasi. Niliwapelekea kitabu cha nyani, maana nyani wa Gombe wanashuka hadi mashambani kwao. Nilifungua ukurasa wa kwanza tu, darasa zima likaanza kusema kwa pamoja. Huyu ndiye aliyekula mahindi ya mama. Huyu alimfukuza dada. Huyu mchoraji wake hamjui, nyani haketi hivyo. Sikupata kusoma mstari wa pili. Nilirudi Kigoma nikiwa na furaha, na nadhani hapo ndipo kiburi kiliponianza. Nilijiona nimeijua kazi.

Mzee Bonifasi alistaafu akaenda kwao Kalinzi kulima kahawa. Cheo nilichoachiwa sina haja ya kukieleza. Kilikuja na funguo nyingi na kiti cha kuzunguka. Nilikuwa nimeshafika miaka ya mwisho mwisho ya kazi, wazazi wananisalimia sokoni kwa jina, nami nachagua vitabu bila hata kuuliza mtoto ni wa nani. Katika hali hiyo nikaenda Ilagala.

Ilagala iko kusini, karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia ziwani. Nilipanda pikipiki na sanduku limefungwa nyuma. Darasa la awali lilikuwa la Mwalimu Ezekiel, kijana mpole aliyekuwa ameniandikia mara mbili kuomba vitabu. Mimi nilishachagua nikiwa mezani kwangu. Mnyama wa mlangoni Ilagala ni nani? Mamba, kwani kuna mwingine? Na nilikuwa na kitabu kizuri cha mamba, picha kubwa, rangi zilizoiva. Mamba anasikia ngoma ya harusi ng'ambo ya mto, anataka kwenda, anapiga hodi kila mlango na kila mnyama anamfungia. Mwisho bibi harusi mwenyewe anampa kigoda, kwa sharti afunge mdomo. Watoto wote wa mjini walikipenda. Msomaji anaifanya mikono yake miwili kuwa taya, anawapigia watoto "kwa!", nao wanapaza sauti, "Funga mdomo!"

Nilipofungua sanduku na kukitoa, Mwalimu Ezekiel alinisogelea. "Bi Tatu," akasema kwa sauti ndogo, "samahani, kabla hujaanza..."

"Mwalimu, baadaye," nikamwambia. Watoto walikuwa wameshakaa kwenye mkeka, na mimi sikupenda kukatizwa watoto wakishakaa.

Nilisoma vizuri siku ile. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu linaniuma. Watoto wa mbele walicheka, wa nyuma walicheka kwa kuchelewa kidogo, huku wakitazamana. Nilidhani ni haya ya ugeni. Kwenye mlango wa tatu nikafungua taya zangu, nikainama, nikamnasa mkono mtoto wa kike aliyekaa pembeni, mwenye gauni la kijani. "Kwa!"

Hakupiga kelele. Alitazama mkono wake ulio ndani ya mikono yangu. Kisha nikaona mkeka unalowa chini yake. Akautoa mkono polepole, kama mtu anayetoa kitu kwenye moto, akasimama, akatoka nje.

"Bi Tatu," akasema Mwalimu Ezekiel, "funga kitabu."

Mtoto yule jina lake Riziki. Alikuwa na miaka mitano. Baba yake alikuwa mvuvi, na kabla ya mvua zile alikwenda kutegua nyavu kwenye matete ya mdomo wa mto, mamba akamchukua. Hawakupata cha kuzika. Mama yake alikuwa amekwenda kwao Uvinza na mtoto mchanga, na Riziki akabaki na bibi yake, mama wa marehemu. Darasa zima lilijua. Ndiyo maana walitazamana. Kijiji kizima kilijua, mimi peke yangu niliyekuja na sanduku ndiye niliyekuwa sijui, na aliyetaka kuniambia nilimwambia baadaye.

Sikuwa nimeondoka bado bibi yake alipofika, mwanamke mwembamba, mikono myekundu kwa mawese. Wanamwita Bibi Yustina.

"Shikamoo," nikamwamkia.

Hakuitikia. "Wewe ndiye uliyemleta ingona shuleni?" akauliza, akimtaja mamba kwa Kiha.

"Ni mimi, mama. Sikujua. Naomba..."

"Mtoto huyu ameanza kulala wiki iliyopita tu," akasema. Hakupandisha sauti. Alimshika Riziki mkono, wakaenda zao, na gauni la mtoto bado limelowa.

Baada ya wiki mbili Mwalimu Ezekiel alinipigia simu. Riziki alikuwa hazungumzi. Haendi darasani, na kutumwa maji hataki hata ya kisimani. Bibi yake alikuwa amewaambia wazazi wengine kuwa vitabu vya mjini vinafukua watu, na wazazi kadhaa walimwomba mwalimu asilete tena sanduku. "Sikulaumu wewe," akasema. "Ningepaswa kusema kwa nguvu zaidi." Ningefurahi kama angenilaumu.

Jumamosi iliyofuata nikapanda kwenda Kalinzi. Mzee Bonifasi nilimkuta uani anachambua kahawa, zile mbovu anazitupa pembeni bila kuzitazama. Nilimweleza yote. Nadhani nilikuwa nimekwenda kutafuta mtu wa kuniambia si kosa langu.

"Nilifuata neno lako," nikasema. "Mnyama wa mlangoni."

"Mnyama wa mlangoni wanaomjua ni wenye mlango," akajibu. "Uliwauliza?"

Nikaokota punje moja mbovu pembeni.

"Zamani ulikuwa unauliza," akasema. "Yule mtoto wa dubu, ulikuja kwangu kuniuliza, ukamwuliza mama yake. Ulikuwa hujui kitu, ulikuwa unauliza."

"Sasa nimpelekee kitabu gani?"

"Usipeleke kitabu."

"Nikafanye nini basi, Mzee?"

"Ukaombe radhi. Ukishaomba, kama pana kazi, isaidie. Kama hawataki msaada, urudi siku nyingine." Akanisogezea ungo. "Na hapa pana kazi."

Nilichambua kahawa mpaka jua likageuka. Hakunipa neno jingine, na sikulihitaji.

Nilirudi Ilagala mikono mitupu. Nilimwomba radhi Bibi Yustina mbele ya nyumba yake, nimepiga magoti kama tunavyofanya kwa wakubwa, ingawa hakunizidi miaka mingi. Alinisikiliza. Aliendelea kuchambua chikichi za kukamulia mawese kwenye vikonyo vyake, zikidondoka moja moja kwenye beseni. Hakusema nimekusamehe, hakusema ondoka. Mwisho nikavuta kikonyo kimoja nikaanza kuchambua na mimi. Chikichi ina miiba, wasioijua wasidanganyike na rangi yake. Nilirudi Kigoma na vidole vinavyowaka.

Nilikwenda tena mwezi uliofuata, na uliofuata. Riziki alikuwa akikaa upande wa pili wa nyumba, nikimwona gauni tu kwenye kona. Mara ya tatu Bibi Yustina aliitikia shikamoo yangu. Mara ya nne alinipa ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, na tulipokuwa tunakula nikamwuliza lile ambalo nilipaswa kuliuliza kabla ya kufungua sanduku.

"Mama, huyu mtoto anapenda nini?"

Alifikiri. "Mbuzi," akasema. "Yule mwizi pale."

Alikuwa beberu mweupe mchafu, amesimama juu ya kinu. Jina lake Bwana Afya. Walimwita hivyo kwa kuwa alikagua majiko ya watu wote bila kualikwa. Alikuwa amekula kanga ya jirani, nusu ya ufagio wa kanisa, na barua ya Mwalimu Ezekiel ya uhamisho, jambo ambalo mwalimu alilishukuru baadaye.

Niliporudi maktaba nilipekua rafu zote. Tulikuwa na simba wanane, tembo wengi, dubu yule yule, na mbuzi aliyepita nyuma ya picha ya mtu mwingine. Kitabu cha mbuzi hatukuwa nacho. Basi nikatengeneza. Nilikata maboksi ya sabuni, nikabandika karatasi nyeupe, nikatoboa matundu matatu na kushona. Kuchora sijui. Nilimchora Bwana Afya akila kanga, akila ufagio, akila barua, na chini ya kila picha niliandika, "Bwana Afya amekagua." Ukurasa wa mwisho niliuacha mtupu kwa sababu nilikosa la kuandika.

Kabla ya kukitoa nilimwonyesha Bibi Yustina kwanza, picha moja moja. Alipofika kwenye ufagio wa kanisa mabega yalimtikisika. "Mpe," akasema.

Sikumpa. Nilikiweka kwenye mkeka nikaendelea na chikichi. Baada ya muda gauni la kijani likaja, likakaa. Nilisikia kurasa ngumu za boksi zikigeuzwa. Halafu sauti ndogo, yenye mikwaruzo kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Pembe moja ya Bwana Afya imevunjika."

"Kweli?" nikasema bila kugeuka. "Sikuiona."

"Ya huku." Kisha, baada ya kufikiri, "Na huyu uliyemchora ni mbwa."

Bibi Yustina alikuwa ameacha kuchambua. Nilimpa Riziki kalamu. Aliivunja pembe kwa mistari miwili, akampa mbwa wangu ndevu akawa mbuzi. Kwenye ukurasa mtupu akachora duara kubwa lenye miguu minne, akasema ni tumbo lake baada ya kula vyote.

Muhula uliofuata alirudi darasani na kile kitabu chini ya kwapa, akawasomea wenzake. Wazazi wakamwambia mwalimu sanduku linaweza kuja. Kuanzia hapo sikupeleka kitabu Ilagala bila kumsomea kwanza Mwalimu Ezekiel majina yote kwenye simu, na mara mbili aliniambia, "Hicho kiache." Sikumwuliza sababu. Kitabu cha mamba nilikifungia kabatini Kigoma.

Nilidhani yameisha. Lakini siku moja, mwaka ukiwa umepita, Riziki aliniuliza uani kwao, "Bibi, yule wa harusi alifika?"

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa nilimtazama Bibi Yustina. Alikuwa ametugeuzia mgongo, anakoroga mawese jikoni, na kijiko kilikuwa kimesimama.

"Mama?" nikamwita.

Akaanza kukoroga tena. "Kama amemwulizia mwenyewe," akasema bila kugeuka, "mletee."

Nilimletea, na safari hii sikusoma. Nilimwambia Riziki kitabu ni chake kukifungua na kukifunga, na mimi nitasema maneno akitaka. Mwezi ule alifungua kurasa mbili, akakifunga, akakikalia. Mwezi uliofuata alifika mlango wa kwanza. Akaniambia nisitumie mikono. Nikaikalia mikono yangu. Alifika mlango wa tatu, ule ule, akakaa nao siku nzima, nikaondoka hajaugeuza. Ilikwenda hivyo mwezi hata mwezi. Karibu na kumaliza miaka saba alifika mwisho, pale mamba amekaa kwenye kigoda karibu na sufuria za pilau, mdomo ameufunga mpaka mashavu yamevimba.

Aliinamia picha ile kwa muda mrefu.

"Huyu si yule," akasema.

"Siye," nikasema.

"Huyu amechorwa."

"Amechorwa, ndiyo."

Bibi Yustina alikuja kutoka jikoni akifuta mikono kwa kanga. Kwa miezi yote ile alikuwa akitugeuzia mgongo kitabu kikiwa wazi. Alikaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu.

"Nisomee na mimi," akamwambia mjukuu wake.

Riziki alirudi mwanzo. Mamba anasikia ngoma, anatoka majini, anapita kwenye matete. Bibi Yustina akaweka mkono wake mwekundu juu ya picha ya matete, akaufunika ukurasa karibu wote. Riziki akangoja. Mimi nilitazama chini.

"Palikuwa hivi hivi," akasema Bibi Yustina. "Matete yamesimama namna hii. Asubuhi, hakuna hata upepo. Alikuwa ametoka kunywa uji hapa, akaniambia sukari haikutosha." Alikuwa hajawahi kulisema hilo mbele ya mtoto. Nilijua kwa jinsi Riziki alivyomtazama.

"Wewe ukasemaje?" akauliza Riziki.

"Nikamwambia kesho nitaongeza."

Aliondoa mkono. Ulikuwa umeacha alama ya mafuta, vidole vitano, juu ya matete na maji. Nikaona akiishtukia, akataka kuifuta kwa pindo la kanga.

"Iache, mama," nikamwambia.

Riziki akageuza ukurasa, akaendelea kusoma, na kila mlango uliofungwa bibi yake aliitikia kwa sauti ndogo, "Funga mdomo."

Sikukirudisha kile kitabu. Kwenye daftari la maktaba, mahali pake, niliandika kwa mkono wangu kuwa kimepotea. Ndiyo uongo pekee nilioandika katika daftari lile kwa miaka yote ya kazi. Ukiukuta, Neema, usikitafute kitabu.